Lokesheni nayo ni nyara ya Serikali

BARUA YA WAZI

Kwa:
Waziri wa Maliasili na Utalii
Makamishna wa Uhifadhi: TANAPA (hifadhi za taifa), NCAA (Ngorongoro), TAWA (wanyamapori) na TFS (misitu)
Mkurugenzi Mkuu, TAWIRI (utafiti wa wanyamapori)
Nakala: kampuni za utalii, na kila dereva mwenye simu

YAH: KUTANGAZA MAHALI WALIPO WANYAMA ADIMU

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwongoza watalii, naishi Arusha na kazi yangu ni mbuga za kaskazini. Siandiki kwa niaba ya kampuni wala chama, na baadhi ya wenzangu wakisoma hapa watanuna, kwa sababu ninachoomba kitatugusa mfukoni. Naomba mahali alipo mnyama adimu palindwe kisheria kama zinavyolindwa pembe na ngozi yake.

Mtu akikutwa na kipande cha jino la tembo kwenye begi, sote tunajua kinachofuata. Hizo ni nyara za Serikali, atakwenda kujieleza mahakamani. Mtu huyohuyo akisimama mita kumi kutoka kwenye pango la mbwa mwitu wenye watoto, akapiga picha, akaibandika mtandaoni na lokesheni yake kabla dereva hajawasha gari, atatoka getini akipungiwa mkono. Pengine atashukuriwa kwa kututangazia utalii.

Zamani habari ya mnyama ilipita kwenye redio ya upepo, tena kwa majina ya kuficha, simba akiitwa sharubu, ili mgeni asielewe na asije akanuna tukifika tukamkosa. Waliosikia ni wenye magari ya karibu. Aliyekuwa mbali alikosa, na jioni redio zikizimwa habari nayo ilikwisha. Leo habari ileile ni pini ya ramani kwenye kundi la WhatsApp lenye mamia ya madereva, na kesho asubuhi bado imo. Kutoka kwenye kundi inahamia kwa mgeni, kutoka kwa mgeni inakwenda TikTok, na huko hakuna anayejua nani anatazama. Mtandao wenyewe sina ugomvi nao. Agosti 2022 intaneti ya kasi ilipofikishwa Horombo, Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, nilifurahi, maana mpagazi akiugua mlimani simu inaweza kumwokoa. Ninachosema ni kwamba mawasiliano yameingia hifadhini na kanuni za kuyatumia zimebaki nyuma.

Nianze na duma, kwa sababu ndiye anayeumia kila siku. Simba na fisi humnyang'anya nyama, kwa hiyo hupendelea kuwinda mchana, wao wakiwa wamelala. Mchana ndiyo zamu yetu pia. Jike mwenye watoto akianza kunyatia swala tomi, gari la kwanza linasogea ili mgeni apate picha, la pili linaziba upande wa pili, na la tano linafika na vumbi lake likikimbilia pini. Swala wanashtuka, na windo limekwisha. Anajaribu tena saa mbili baadaye, tukiwa bado tupo. Hakuna dereva aliyemkanyaga mtoto wa duma, na hakuna atakayeitwa mkosaji. Ila mama analala njaa, maziwa yanapungua, au anawahamisha watoto hovyo mpaka wanakutwa na simba.

Mwaka 2018 mtafiti Femke Broekhuis alichapisha matokeo ya kazi yake ya Maasai Mara, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Penye watalii wachache, duma jike alifikisha kwa wastani watoto 2.3 wa kila uzao kwenye umri wa kujitegemea. Penye watalii wengi, 0.2. Someni tena namba hiyo, waheshimiwa. Ni mtoto mmoja kwa kila mara tano za kuzaa. Mara na Serengeti ni nyika moja na duma hana pasipoti, sioni kwa nini tujidanganye kwamba hayo ni matatizo ya Wakenya.

Ile video ya Julai 2025 kutoka Kogatende mliiona: wageni wameshuka kwenye magari, wamejipanga ukingoni mwa Mto Mara, nyumbu wanarudi walikotoka. TANAPA ikatoa tamko, umma ukatutukana madereva, na matusi mengine yalistahili. Lakini katika kelele zote zile sikusikia mtu akiuliza magari mengi hivyo yalijuaje kivuko na saa. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763. Ukikuta nusu ya magari ya hifadhi yamebanana kwenye ekari mbili, ujue kuna mtu ametuma ujumbe.

Sasa tutoke mbugani, twende Kimboza. Wageni wangu hawajawahi kuniomba kwenda huko, na nadhani wengi wenu mnaisikia kwa nadra. Ni msitu mdogo chini ya milima ya Uluguru, Morogoro Vijijini, wa hekta kama 400. Ndani yake, kwenye majani ya mikadi, miti ya majani marefu yenye miiba, anaishi mjusi mdogo asiyezidi urefu wa kidole. Dume lake ni la bluu ya kung'aa, bluu ambayo ukiiona kwenye picha unadhani mtu ameichezea kwa kompyuta. Wanasayansi wanamwita Lygodactylus williamsi. Arthur Loveridge alimwandika mwaka 1952, akataja na msitu alikopatikana, na kwa karibu nusu karne hakuna aliyejali.

Kisha wafuga mijusi wa Ulaya wakaziona picha zake. Kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakusanyaji lilitoa Kimboza mijusi wasiopungua 32,310. Watafiti waliofuatilia walikadiria kwamba hao ni kama asilimia 15 ya mijusi wote waliokuwapo msituni. Mkadi ulipokuwa mrefu kiasi cha kutofikika, ulikatwa. Kwa hiyo waliosalia walipoteza na nyumba, maana mjusi huyu hahamii mti wa aina nyingine. Mwaka 2012 aliingizwa kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg, akawekwa Kiambatisho cha Kwanza, walipo faru na tembo. Mwaka huohuo Serikali ikasimamisha kusafirisha nje wanyamapori hai. Hatua nzuri, pongezi. Ila zote zilikuja baada ya mikadi kulala chini.

Kilichotokea Kimboza hakikuhitaji jasusi. Jina la msitu lilitosha. Wachina walikiona kitu hichohicho kusini mwa nchi yao: mjusi wa mapangoni aitwaye Goniurosaurus luii aliandikwa na wanasayansi mwaka 1999, mahali pakatajwa kama desturi ya sayansi inavyotaka, na wafanyabiashara wakaisoma makala ileile. Pale alipoandikwa mara ya kwanza walimmaliza. Tangu hapo baadhi ya wataalamu wa mijusi hutangaza aina mpya bila kusema imepatikana wapi hasa.

Nimekaa Kimboza muda mrefu kwa makusudi, kwa sababu mjadala wetu ukianza huishia kwa faru. Faru hutembea. Pini ya leo ya faru keshokutwa haina maana kubwa, na pembeni yake kuna askari mwenye bunduki. Mjusi wa mkadi, ua la porini, kiota cha tai kwenye mwamba, hivyo haviendi popote. Picha ya leo yenye mahali itafaa mwakani na mwaka unaofuata, kwa yeyote, kutoka popote duniani, na hakuna askari wa kulinda kila jani.

Kuhusu faru najua mtakavyonijibu: majangili hawakusubiri Instagram. Ni kweli. Mei 2010 faru weusi watano waliletwa Serengeti kwa ndege kutoka Afrika Kusini, Rais Kikwete akiwapo kuwapokea. Desemba mwaka huohuo mmoja wao, George, aliuawa na pembe zikachukuliwa. Sidhani kama kuna mtalii wa kulaumiwa hapo. Simu haikuanzisha ujangili, ila inampunguzia jangili gharama. Kazi ya wiki mbili ya kuuliza vijijini na kufuata nyayo anaifanya kitandani kwa bando la siku moja. India walishaonjeshwa hilo mwaka 2013, pale mtu alipojaribu kuingia kwenye barua pepe iliyokuwa inapokea taarifa za kola ya satelaiti ya chui milia wa hifadhi ya Panna. Hakufanikiwa. Lakini alijua pa kubisha.

Niliwahi kumwongoza mgeni kutoka Missouri, Marekani, ambaye kwao ni mwindaji wa bata mzinga mwitu. Jioni kambini alinionyesha picha zake. Ndege wakubwa, amewashika miguu, mikia imetandazwa kama feni. Lakini kila picha imekatwa: hakuna kilima, hakuna mto, hakuna kibao cha barabarani. Nikamuuliza hapa ni wapi. Akacheka, akasema, "Missouri."

Akanieleza. Yeye hana shamba. Anawinda kwenye misitu ya umma, ambako kila mwenye kibali ana haki sawa na yake. Kwa hiyo uzio pekee alionao ni mdomo wake. Ndege hao walikaribia kwisha Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita, wakarudishwa kwa kuwanasa wa porini kwa nyavu na kuwahamishia majimbo mengine, wakafika mamilioni. Miaka ya karibuni katika majimbo kadhaa wameanza kupungua tena, wakati huohuo wawindaji wana programu za simu zinazoonyesha kila mpaka wa ardhi ya umma. Serikali za majimbo zimelazimika kubana. Tennessee, kwa mfano, mwaka 2023 ilichelewesha msimu kwa wiki mbili na kushusha kiwango cha mwindaji mmoja hadi madume wawili. Lakini kabla ya sheria kuna adabu yao wenyewe: anayetaja jina la bonde hadharani hukaripiwa na wenzake mpaka afute.

Sikumwona malaika. Siri yake ni ya choyo na yeye anakiri, dume lile anataka alipige yeye. Kilichonikaa kichwani ni kwamba choyo chake kinamsaidia ndege kuliko ukarimu wetu unavyomsaidia duma. Sisi maslahi yetu yamekaa kinyume. Anayemwaga lokesheni kwenye kundi anasifiwa, kesho atarudishiwa fadhila, na mgeni aliyeona chui ndani ya saa moja hutoa tipu nono. Dereva anayenyamaza anaonekana mchoyo, tena mjinga. Msitegemee adabu ichipuke yenyewe kwenye udongo wa namna hiyo.

Hoja ngumu kuliko zote, hata hivyo, inatoka kwa vijana wa kazi yangu. Kijana aliyekodi gari, hana redio, hana kampuni kubwa nyuma yake, ni kundi la WhatsApp lililompa nafasi ya kushindana. Kabla ya hapo, habari za wanyama zilikuwa mali ya kampuni chache zenye masafa yao na wapelelezi wao. Mkifunga makundi ya simu mkaacha redio za wakubwa, mtakuwa mmemrudisha kijana yule kwenye kubahatisha, na duma ataendelea kuzingirwa, safari hii na magari ya bei ghali. Kanuni yoyote ishike wote: redio, simu, hoteli zenye maeneo yao, na rubani wa puto anayeona kila kitu kutoka juu.

Kuna hofu nyingine ninayo mimi mwenyewe. Siri ikipewa ofisi ya umma huwa inanenepa. Leo tunaficha pango la mbwa mwitu, kesho mtu ataficha mkataba kwa kisingizio cha pango. Tangu 2019 TAWA inanadi vitalu vya uwindaji kwa mnada wa kielektroniki, na huo ndio mwelekeo unaofaa: kitalu kipo wapi, anacho nani, kwa bei gani, vijulikane na kila mtu. Mwananchi anayeishi kando ya hifadhi ajue mpaka unapita wapi mpaka jiwe la mwisho. Kinachofichwa kiwe pango, kiota na mkadi. Basi.

Sasa ombi lenyewe.

Duma mwenye watoto wadogo, pango la mbwa mwitu, na faru wa porini wasitajwe kabisa kwenye redio wala kwenye kundi. Atakayewakuta awafurahie na wageni wake, aondoke, anyamaze. Mbwa mwitu nawasisitizia: Serengeti tuliwapoteza mapema miaka ya 1990, na kuanzia 2012 imebidi warudishwe, makundi yakichukuliwa Loliondo. Watoto wao hukaa pangoni kama miezi mitatu. Miezi mitatu ya kufunga mdomo si mingi. Anayelilia kuona faru apelekwe Mkomazi, ambako wapo ndani ya uzio na mahali pao si siri ya mtu.

Wanyama wengine wanaotembea watajwe kwa eneo. "Chui, upande wa Mto Seronera" inatosha. Dereva anayejua kazi atamtafuta, na mgeni atajifunza kwamba kutafuta ni sehemu ya safari aliyoilipia. Picha zenye mahali halisi zisubiri mpaka mgeni atoke hifadhini. Watu wengi hawajui kwamba simu huandika latitudo na longitudo ndani ya faili la picha hata kama hukuandika neno, na ukiituma kama waraka zinakwenda nazo. Sentensi mbili za askari wa getini zingemaliza ujinga huo. Kibao kingine cha "Karibu" hatukihitaji, wekeni kinachofundisha namna ya kuzima lokesheni ya kamera, kwa Kiswahili na Kiingereza, na Kichina pia.

Kwa viumbe wasiohama, TAWIRI na TFS wakae waandike orodha, na kibali cha mtafiti kiwe na sharti kwamba vipimo vya mahali vinabaki kwao na havichapishwi. Si jambo geni. iNaturalist, ambako watu duniani kote huweka picha za viumbe waliowaona, hupotosha mahali pa aina zilizo hatarini kwa makusudi: pini unayoiona inaweza kuwa popote ndani ya kisanduku cha nyuzi 0.2 kwa 0.2, ambacho huku kwetu karibu na ikweta ni zaidi ya kilomita za mraba 400. eBird, tovuti ya watazama ndege, nao huficha ndege wanaowindwa na wafanyabiashara. Tovuti za watu wanaojitolea zimeweza. Na sisi tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayolinda mpaka namba yangu ya simu. Haishindikani kumpa mjusi wa Kimboza sehemu ndogo ya heshima hiyo.

Adhabu zianze na sisi. Mgeni yupo siku tano anaondoka, huwezi kumfuata mpaka Texas. Mimi leseni yangu mnayo. Onyo mara ya kwanza, kusimamishwa msimu mmoja mara ya pili, na kampuni iliyomtuma dereva nayo iguswe, hasa ile inayomwandikia mgeni kwenye ratiba kwamba ataona Wakubwa Watano (simba, chui, tembo, nyati na faru) kana kwamba tunawafuga. Dereva ambaye ahadi imetolewa kwa niaba yake hawezi kutii kanuni. Hilo la ahadi ningeomba mlitazame hata kama mengine yote mtayaweka kabatini. Na kurasa rasmi za mitandaoni za taasisi zenu ziwe za kwanza kufuata kanuni hii, ili dereva asipate pa kujifichia.

Ndutu nyumbu wakishika kuzaa ni Februari. Upande ule wa Ngorongoro magari huruhusiwa kuacha barabara, duma wenye watoto hufuata ndama na swala, na sote tunajua asubuhi za kule zinavyokuwa. Kama kanuni ya nchi nzima itachukua muda, na najua itachukua, tuiteni madereva kabla ya msimu, wa kampuni kubwa na wenye gari moja la kukodi, tukae Karatu siku moja na watu wa NCAA na watafiti wa duma, tuandike kanuni ya muda ya Ndutu peke yake. Nauli nitajilipia. Chai mtatoa nyinyi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwongoza watalii
Arusha